Chapo, London 1939, na hii maneno ya "Hakuna Wanyama"

Wasee, leo sina mzaha mwingi. Kuna stori nimekaa nayo miezi minne nikiizunguka tu. Nilikuwa na mbwa anaitwa Chapo. Alipokuwa mdogo alikuwa na rangi ya maji ya kunde na madoa ya kahawia, ungedhani ni chapati imetoka kwa moto sai sai. Nilimlea miaka mitano. Mwaka huu nikampeana.

Kabla uanze kunihukumu, skiza. Mimi na mathe tulikuwa tunaishi Kahawa West, nyumba ya zamani yenye kauwanja kadogo na mwembe. Mwenye ploti akaaga, watoto wake wakauza, sisi tukapewa notisi ya miezi miwili. Mathe akaenda kukaa kwa siz yangu mkubwa Nakuru, na huko kuna mtoto mwenye pumu, kwa hivyo manyoya ya mbwa hayawezekani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya fees na sasa nakula kwa simu na taa ya kurekodia. Keja niliyoweza kulipa ilikuwa bedsita ya Zimmerman, ghorofa ya nne. Kwa geti wameandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA WANYAMA.

Anko wangu, na ni mtu poa sana, akanipigia simu akaniambia, "Kijana yangu, mpeleke kwa daktari wa mifugo adungwe sindano alale. Heri hivyo kuliko ateseke mikononi mwa watu." Hakusema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa, na hiyo ndio ilinitisha. Usiku huo sikulala. Nikawasha simu nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka London.

Septemba 1939. Uingereza inatangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3. Ndani ya siku chache, watu wa London peke yao wanapeleka mbwa na paka karibu 400,000 wakauawe. Soma hiyo namba tena. Hakuna bomu lilikuwa limeanguka. Adui hakuwa amefika. Na hakuna amri yoyote ya serikali iliyosema ueni wanyama wenu. Watu walipanga foleni nje ya kliniki wakiwa wamebeba paka kwa vikapu na kushika mbwa kwa kamba, wenyewe, kwa hiari yao. Wengi walikuwa wanalia. Maiti zilikuwa nyingi mpaka PDSA, shirika lililokuwa likitibu wanyama wa watu maskini, likatoa uwanja wake huko Ilford wakazikiwe hapo.

Mara ya kwanza nikisoma hivyo niliwaza, hawa watu walikuwa wabaya aje? Lakini ukiingia ndani ya ile wiki unaona kitu kingine. Kabla ya vita kuanza, kamati iliyoundwa kushughulikia wanyama wakati wa mashambulizi ya ndege ilikuwa imetoa kijikaratasi cha ushauri. Ushauri wa kwanza ulikuwa mzuri: mpeleke mnyama wako mashambani mapema. Halafu ukaja wa pili, kwamba kama huna mtu wa kumwachia, basi jambo la huruma ni kumuua. Na ndani ya kijikaratasi hicho hicho kulikuwa na tangazo la bastola ya kuulia wanyama. Sijui nani alipanga huo ukurasa.

Sasa fikiria wewe ni mama wa East End, nyumba ya vyumba viwili, mtaa wa wafanyakazi wa bandari. Wewe utampeleka mbwa mashambani kwa nani? Watoto wako wenyewe wanapandishwa treni tangu tarehe 1, wamefungwa lebo shingoni, wanaenda kwa watu usiowajua. Karibu watu milioni moja na nusu walihamishwa kutoka mijini kwa siku tatu hivi, na mbwa hakuruhusiwa kuandamana nao. Kwa mahandaki ya umma pia, wanyama hawaingii. Watu walikuwa wameona kwenye sinema picha za miji ya Uhispania iliyopigwa mabomu. Waliambiwa gesi ya sumu inakuja, na kila mtu akapewa barakoa yake. Mbwa na paka hawakugawiwa. Kwa hivyo ile wiki ulishona mapazia meusi ya dirisha, ukaaga watoto, na ukamaliza na paka. Ilikuwa kazi moja kati ya kazi za kujiandaa.

Halafu sikia kinachouma. Mabomu hayakuja. Wiki ikapita, mwezi ukapita, Krismasi ikapita. Mashambulizi makubwa ya London yalianza Septemba 7, 1940, mwaka mzima baadaye. Manze, mwaka mzima! Ule mbwa wa Septemba 1939 angepata mwaka mwingine wa kulala kwa miguu ya mwenyewe, na huyo mwenyewe angepata mwaka wa kumtafutia mahali.

Na mahali palikuwepo, hiyo ndio sehemu nilirudia kusoma mara tatu. Nina, Duchess wa Hamilton, tajiri aliyekuwa na nyumba kubwa huko Wiltshire inaitwa Ferne, alitumia redio ya BBC kuwaambia watu wamletee wanyama wao, na akawachukua wengi. Battersea, lile kao la mbwa lililoanzishwa 1860, lilikataa hii haraka ya kuua na likabaki wazi vita vyote. Kufikia mwisho lilikuwa limehudumia mbwa kama 145,000. Pia kuna watu wengi wa kawaida ambao hawakupanga foleni. Namba inayotajwa ya waliouawa London ni kama robo ya wanyama wote wa mji. Maana yake robo tatu waliendelea kuishi kwa zile nyumba zile zile, mitaa ile ile, na vita hivyo hivyo juu ya kichwa.

Mmoja wao aliitwa Rip. Alikuwa mbwa wa mtaani tu. 1940 nyumba zikiporomoka Poplar, askari mmoja wa ulinzi wa raia akamrushia mabaki ya chakula, akidhani ataenda zake. Rip hakuenda. Akaanza kunusa vifusi bila kufunzwa na mtu. Alisaidia kupata watu zaidi ya 100 waliofukiwa, na 1945 wakamvisha medali.

Hizo stori ndizo zilinifanya nimkatalie anko. Nilimwambia, kwa heshima, "Anko, nina miezi miwili. Si siku mbili."

Lakini sitaki mwondoke hapa mkidhani ni mambo ya roho ya mtu peke yake, eti ukipenda kweli utapata njia. Hiyo lugha huwa inanikasirisha. Mtu wa Ferne alikuwa na ekari. Wa Poplar alikuwa na chumba. Mapenzi yanaweza kuwa sawa na keja zisiwe sawa. Hata hapa kwetu hii stori ina mizizi, na si ya juzi. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, na serikali ya kikoloni ikaupanga mji kwa rangi ya ngozi. Wazungu wakakaa upande wa magharibi penye vilima, miti na ua mkubwa. Mwafrika alihesabiwa kama mfanyakazi anayepita: mwanaume mmoja, kitanda kimoja, kazi ikiisha arudi kwao. Nyumba nyingi za Eastlands zilijengwa kwa hesabu ya vitanda. Hata mke na watoto hawakuwa kwenye ramani, sembuse mbwa. Mbwa alikuwa Karen na Muthaiga, nyuma ya geti yenye kibao cha "Mbwa Kali", na wengi wetu tulijua mbwa kwanza kupitia hicho kibao.

Kwa hivyo mtu akiniambia eti sisi Waafrika hatupendi mbwa ndani ya nyumba, mimi humuuliza, nyumba gani? Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, jiko hapa, kitanda hapo, watu wanne, unataka mbwa alale wapi? Halafu wakoloni wakaenda na ile hesabu ya vitanda ikabaki. Bedsita yangu ni hesabu hiyo hiyo, imepakwa rangi na kuwekewa tailsi.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa mwenye nyumba wangu pia. Ghorofa ya nne, hakuna lifti, maji yanakuja mara mbili kwa wiki. Mbwa akikojoa kwa ngazi saa tisa usiku nani ataosha? Jirani yangu ana mtoto aliyewahi kuumwa na mbwa na akadungwa zile sindano za kichaa. Sheria ya keateka haikutoka hewani.

Lakini kuna nchi ziliona kwamba ile sentensi moja kwa geti inaweza kutumiwa vibaya, zikaiwekea mipaka. Ufaransa ina sheria ya Julai 9, 1970. Kipengele cha kukataza mnyama wa nyumbani kwa mkataba wa makazi ni batili huko. Mnyama asiharibu wala kusumbua majirani, basi. Baadaye wakaruhusu kukataza mbwa wa aina hatari. Ujerumani, mahakama yao ya juu ilisema 2013 kwamba mwenye nyumba hawezi kupiga marufuku mbwa na paka wote kwa jumla, lazima kila kesi iangaliwe.

Ninayoipenda zaidi ni ya New York, 1983. Huko landilodi walikuwa wanajua mpangaji ana mbwa, wananyamaza miaka. Siku kodi za mtaa zikipanda, ghafla wanakumbuka mkataba unakataza mbwa, na mzee wa watu anaambiwa achague mbwa au nyumba. Mbwa hakuwa shida yoyote. Shida ilikuwa kodi ya zamani. Baraza la jiji likapitisha kwamba kama mpangaji amefuga waziwazi na mwenye nyumba anajua, ana miezi mitatu ya kwenda kortini. Akinyamaza, amepoteza haki ya kutumia hicho kipengele. Mnaona akili hiyo? Inamlinda mpangaji aliyefuga waziwazi, si yule anayemficha mbwa kwa begi. Mkataba wangu mimi ni karatasi moja iliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, na mstari wa wanyama uko chini ya mstari wa kutotumia koili ya kupikia.

Basi nilitumia wiki sita kutafuta. Nilipiga picha zake nikatuma kila mahali. Wa kwanza akauliza kama Chapo anaweza kufungwa mnyororo mchana kutwa kwa yadi ya vyuma. Hapana. Wa pili alitaka kumzalisha auze watoto. Hapana. Wa tatu alikuja, akamwangalia, akasema "kumbe ni mbwa wa kawaida," akaenda zake. Wiki ya tano nilianza kuskia sauti ya anko kichwani, sitadanganya.

Wa nne alikuwa mama mmoja anafuga kuku Ruai. Hakuniuliza kama anabweka. Aliuliza anakula nini na anaogopa nini. Nikamwambia ugali na omena, na anaogopa radi, ikinguruma huingia chini ya meza. Akasema, "Meza iko." Nikampa kadi yake ya chanjo, blanketi, na ile sufuria yake ya kulia iliyobonyea. Tulienda na probox, Chapo ametoa kichwa nje ya dirisha safari yote, anafurahia upepo, hajui chochote. Nilirudi na matatu. Nilishuka Roysambu nikatembea, sikutaka kondakta aone uso wangu.

Nilikaa miezi mitatu bila kwenda kumwona, uoga tu. Jumapili iliyopita nikaenda. Mama anamwita Simba. Nikasimama kwa geti nikaita "Chapo!" na masikio yakainuka. Akaja mbio, akaniruka, akaniramba mpaka macho. Halafu mama akaita "Simba!" kutoka banda la kuku, maana kulikuwa na mwewe anazunguka juu, na jamaa akageuka akaenda kazini.