Kosa la Kodi na Mlango wa Rufani

Mwananchi anapoandikiwa kodi isiyo yake, kinachomchosha zaidi si fedha. Ni kuzungushwa kutoka meza hadi meza akiambiwa aje kesho, hali kila karani akikiri kwamba kosa lipo, ila si la meza yake.

Zama za wafalme wa Rwanda, katika sehemu kubwa ya nchi, mlima mmoja uliweza kuwa na wakuu watatu: wa ardhi, wa malisho, na wa jeshi, yaani umutware w'ingabo. Kila mmoja alidai fungu lake, na mzigo haukuwa mwepesi hata kidogo. Hata hivyo, aliyeonewa na mkuu mmoja aliweza kumkimbilia mwingine, na mkuu wa jeshi alikuwa na wajibu wa kuwatetea watu wake barazani. Naam, jeshi lilikuwa mlango wa rufani.

Wabelgiji, walioweka kodi ya kichwa mwaka 1917, waliona utaratibu huo ni vurugu tupu. Kuanzia mwaka 1926, katika mageuzi yajulikanayo kwa jina la Mortehan, vyeo vile vitatu viliunganishwa kuwa kimoja. Kwenye daftari za serikali mambo yalinyooka. Mlimani mambo yalikuwa mengine: mkusanyaji wa kodi, ambaye alipewa sehemu ya makusanyo, sasa ndiye aliyesikiliza malalamiko juu ya kodi hiyohiyo! Wengi walivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi. Miguu yao ndiyo iliyokata rufani.

Mamlaka ya Mapato iliundwa mwaka 1997, na Katiba ya mwaka 2003 ikaleta Umuvunyi, ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma. Lakini hatua yenye uzito zaidi ilikuwa sheria ya utaratibu wa kodi ya mwaka 2005. Ilimpa Kamishna Mkuu siku 30 za kujibu rufani, naye aliweza kuziongeza mara moja tu. Zikipita bila jibu, rufani ilihesabiwa kuwa ya haki. Kwa mara hii kimya cha ofisi kilimwumiza mwenye ofisi.

Ilibaki kasoro moja, nayo si ndogo: rufani peke yake haikusimamisha malipo. Mlalamikaji alitakiwa kuomba kwa maandishi aahirishiwe kiasi kinachobishaniwa, na asiyelijua hilo alilipa kwanza, akasubiri baadaye.