Vitanda 400: Historia ya Kupanga Likizo katika Kisiwa cha Lord Howe

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna wageni walivyopanga safari na makazi ya likizo katika kisiwa cha Lord Howe, Australia, tangu enzi ya stima hadi sasa. Inajenga hoja kwamba kwa muda mrefu bahari yenyewe ndiyo iliyoamua idadi ya wageni, na kwamba ukomo wa vitanda 400 unaotekelezwa leo ni kazi ya bahari iliyohamishiwa kwenye sheria baada ya uwanja wa ndege kufunguliwa mwaka 1974. Makala inaonyesha pia gharama ya kuchelewa kuweka ukomo, na swali la haki ambalo ukomo huo umelizua.

Utangulizi

Neno utalii limezoeleka mno kiasi kwamba asili yake haikumbukwi. Kitenzi talii, kilichoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kina maana kongwe ya kusoma na kudurusu, na maana ya kutembelea nchi za watu ni tawi tu la shina hilo. Mtalii, kwa maana hiyo, ni msomaji kabla ya kuwa msafiri. Ni visiwa vichache vinavyomlazimisha mgeni kuzitimiza maana zote mbili kama kisiwa cha Lord Howe, ambako asiyesoma kwanza masharti ya mahali hafiki kabisa.

Kisiwa hiki kipo katika Bahari ya Tasman, takriban kilomita 600 mashariki ya pwani ya Australia, nyuzi 31 na nusu kusini mwa Ikweta. Kina urefu wa kilomita kumi hivi, na upana wake hauzidi sana kilomita mbili. Upande wa kusini ipo milima miwili, Gower wenye mita 875 na Lidgbird wenye mita 777. Upande wa magharibi mwamba wa matumbawe, ulio miongoni mwa ile ya kusini kabisa duniani, umezingira lagoni yenye maji tulivu. Kiutawala ni sehemu ya jimbo la New South Wales. Hata saa zake ni za peke yake: wakati wa majira ya joto wenyeji husogeza saa mbele kwa nusu saa tu, si saa nzima kama ilivyo desturi ya nchi nyingine zinazosogeza saa.

Kisiwa kisichokuwa na mwenyeji

Historia ya ugeni katika Lord Howe ina upekee, kwa kuwa hakuna ushahidi wa binadamu kuishi huko kabla ya Wazungu kukiona. Tarehe 17 Februari 1788 Luteni Henry Lidgbird Ball, nahodha wa meli Supply, alikiona akiwapeleka wafungwa kisiwa cha Norfolk, na mwezi uliofuata, akiwa njiani kurudi, mabaharia wake waliteremka pwani. Walikuta ndege wasiomwogopa mtu. Ndege wa namna hiyo ni kitoweo rahisi, na baadhi yao, wakiwamo njiwa na kuku-maji mweupe wa kisiwa hicho, hawakudumu.

Makazi ya kudumu yalianza mwaka 1834, yakiwa kituo cha kuwauzia wavuvi wa nyangumi maji, mboga na nyama. Biashara hiyo ilipofifia, wakazi waligeukia mbegu za kentia, mti wa jamii ya minazi unaoota kiasili hapo tu. Mti huo huvumilia kivuli na baridi ya ndani ya nyumba, hivyo ukawa pambo la sebule na mahoteli ya Ulaya. Jambo hili lina uzito katika mada: kabla ya kupokea wageni, kisiwa kilikuwa kimepamba kumbi za wageni za mbali.

Meli, subira na msiba wa 1918

Kuanzia miaka ya 1890 stima za kampuni ya Burns Philp zilipitia Lord Howe katika safari zake za Pasifiki, na familia za kisiwani zikaanza kulaza wageni majumbani mwao. Aliyetaka likizo wakati huo hakuchagua siku za kukaa. Ratiba ya meli ndiyo iliyomchagulia. Aliteremshwa kwa mashua, akakaa mpaka meli irudi, na bahari ikichafuka alikaa zaidi. Nyumba zilikuwa chache, chakula kilikuwa cha shambani na cha baharini, na mgeni alikula alichokula mwenyeji. Hapakuwa na kanuni ya idadi ya wageni kwa sababu haikuhitajika.

Hata hivyo, idadi si hatari pekee inayosafiri na meli. Mwezi Juni 1918 stima Makambo iligonga mwamba na kukwama karibu na ufukwe wa Ned's Beach. Katika siku zilizopita ikitengenezwa, panya weusi walifika nchi kavu. Kisiwa hakikuwa na mnyama wa kuwazuia. Katika miaka michache spishi tano za ndege wa msituni zilitoweka, na mdudu mkubwa mwenye umbo la kijiti, aliyekuwa mwingi kiasi cha kutumiwa kama chambo cha samaki, akahesabiwa kuwa amekwisha. Mdudu huyo alionekana tena mwaka 2001 juu ya Ball's Pyramid, jabali lililosimama baharini kilomita 23 kutoka kisiwani. Waliopatikana walikuwa ishirini na kitu tu, chini ya kichaka kimoja. Ndege hawakupata jabali la kuwahifadhi.

Waandishi wa historia ya utalii hupenda kuusimulia mkasa huu kama ajali ya mazingira, kisha wakaendelea na habari za nyumba za wageni. Kuyatenga hayo mawili si sahihi. Meli iliyoleta mapato ndiyo iliyoleta panya, na kila mpango wa likizo uliotungwa baadaye umebeba kumbukumbu hiyo, ijapokuwa wageni wengi hawaijui.

Majira ya maji kujaa

Mwaka 1931 Francis Chichester alitua katika lagoni kwa ndege ndogo yenye maboya, akitokea Norfolk. Upepo uliipindua na kuivunja ikiwa imefungwa nanga, na wakazi wakamsaidia kuiunda upya kwa wiki kadhaa. Tukio hilo lilionyesha kwamba lagoni inaweza kuwa uwanja wa ndege, na pia kwamba ni uwanja usiotabirika.

Kuanzia 1947 ndege kubwa za majini ziliruka mara kwa mara kutoka Rose Bay, Sydney. Safari iliyokuwa ya siku ikawa ya saa. Lakini lagoni ni ya kina kifupi, na ndege hizo ziliweza kutua maji yakiwa yamejaa tu. Kwa hiyo ratiba ilipangwa kwa kufuata bamvua na mwezi kuliko saa ya ukutani: juma moja abiria waliondoka alfajiri, juma jingine mchana, na hali ya hewa ikibadilika walirudishwa walikotoka. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kuuliza maji yanajaa saa ngapi kabla ya kushusha jahazi, angeielewa ratiba hiyo upesi kuliko karani wa Sydney.

Huduma hiyo ilikoma Septemba 1974, ulipofunguliwa uwanja wa ndege uliojengwa na wahandisi wa jeshi katika kiuno chembamba cha kisiwa. Njia yake ya kurukia haifiki kilomita moja. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza kisiwa kilifikika siku yoyote, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Kizuizi cha zamani kilikuwa kimeondolewa, na hakuna aliyeweza kutarajia kwamba bahari ingeendelea kuhesabu wageni kwa niaba ya wakazi.

Hesabu ya vitanda

Chombo cha kuhesabu kilikuwapo. Sheria ya Kisiwa cha Lord Howe ya mwaka 1953 ilikuwa imeunda Bodi ya kusimamia ardhi, ambayo wakazi huikodi kwa hati za kudumu bila kuimiliki moja kwa moja. Mwaka 1982 kisiwa kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika mazingira hayo kanuni za mipango zilikuja kuweka ukomo wa wageni 400 kwa wakati mmoja, na njia iliyotumika inastahili kuzingatiwa: kinachopewa kibali ni kitanda. Anayetaka kujenga nyumba ya wageni hajengi apendavyo, kwa kuwa vitanda vyote vimekwisha kugawanywa. Kupiga kambi hakuruhusiwi. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi wasiofika 500, hivyo kisiwa kikijaa karibu kila mwenyeji ana mgeni mmoja.

Matokeo kwa mpangaji wa likizo ni ya moja kwa moja. Anaanza na kitanda, kisha kiti cha ndege, na tarehe zake hufuata vyote viwili. Mizigo hupunguzwa kwa sababu njia fupi ya kurukia hubeba ndege ndogo. Bidhaa nyingine huja kwa meli ya shehena kutoka Port Macquarie, takriban mara moja kila wiki mbili. Viatu husuguliwa udongo kabla ya kuingia njia za msituni. Sharti hili huonekana dogo hadi inapokumbukwa kwamba mwaka 2023 kuvu ishambuliayo miti ya jamii ya mkarafuu na mpera ilipogunduliwa, sehemu kubwa ya msitu ilifungwa kwa wageni.

Panya wenyewe walishughulikiwa mwaka 2019, kwa sumu iliyotandazwa kisiwa kizima baada ya mabishano ya miaka mingi yaliyowagawa wakazi karibu nusu kwa nusu. Kundi kubwa la ndege wa msituni wasioruka, ambao miaka ya 1970 walikuwa wamesalia wachache mno, lilifungiwa kwanza ili lisile sumu. Baadaye idadi yao ilipita elfu moja. Mwaka 2021 panya walionekana tena, na msako ukarudiwa.

Nani anayebaki nje

Ukomo umehifadhi msitu. Hilo halina ubishi wa maana. Lakini kitu kinachotakiwa na wengi na kutolewa kwa wachache hupanda bei. Enzi ya stima mgeni alilipa kwa muda, akisubiri meli. Leo analipa kwa fedha, na asiyekuwa nazo hana njia ya kulipa kwa subira. Sheria iliyohesabu vitanda haikuhesabu mifuko. Vijana wa kisiwani nao wanakabiliwa na uhaba wa nyumba katika ardhi ambayo sehemu yake kubwa ni hifadhi. Watetezi wa ukomo huu hutaja idadi ya ndege waliookoka mara nyingi kuliko idadi ya watu walioshindwa kufika, pengine kwa sababu hao wa pili hawahesabiki.

Suala lililo mezani sasa limerudi palepale pa usafiri. Aina ya ndege iliyotumika kwa miaka mingi katika njia ile fupi haiundwi tena. Kuirefusha njia kungemaanisha kuingia ndani ya lagoni, ambayo imo katika eneo la hifadhi; kuiacha ilivyo ni kutafuta ndege nyingine ndogo, ambayo itabeba abiria wangapi na mizigo kiasi gani, na kwa nauli ipi.