Namba Mgongoni mwa Kitabu: Miaka 150 ya Mfumo wa Dewey

Mwaka 2026 unatimiza miaka 150 tangu Melvil Dewey, mkutubi kijana wa Chuo cha Amherst nchini Marekani, alipochapisha kijitabu cha kurasa 44 kilichoyagawa maarifa yote katika makundi kumi, kila kundi likagawanywa katika mengine kumi, na hayo nayo katika kumi, kila moja likiwa na namba yake. Mfumo huo umeenea katika maktaba za umma za mabara yote, ikiwamo Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Msomaji huiona namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu, lakini aliyeipanga hamjui.

Mpangaji huyo ni mkutubi mworodheshaji, ambaye kwanza huandika katika katalogi, zamani kwenye kadi na siku hizi kwenye kompyuta, jina la mwandishi, la kitabu na la mchapishaji pamoja na mwaka na idadi ya kurasa. Kisha hukiainisha, yaani huamua kinahusu nini hasa na kukipa namba. Kazi hii ya pili ndiyo nzito, kwa sababu kitabu kinachozungumzia mambo matano hukaa rafuni mahali pamoja tu, na kikiwekwa pasipo pake ni kama kimepotea.

Hakuna aliyelionyesha jambo hilo kwa ujasiri kuliko Dorothy Porter, mwanamke Mmarekani mweusi aliyekabidhiwa mwaka 1930 mkusanyo wa maandishi ya watu weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Alipotazama maktaba nyingine zilivyofanya, alikuta kwamba mfumo wa Dewey ulitoa namba 326 kwa utumwa na 325 kwa ukoloni na uhamiaji, na kwamba wakutubi wengi walivirundika humo vitabu vya weusi vya kila aina, hata mashairi ya James Weldon Johnson, kana kwamba mtu mweusi hawezi kuandika ushairi ukawa ushairi. Porter aliukataa utaratibu huo waziwazi, akavipanga vitabu kwa mada na kwa waandishi wake, historia ikakaa na historia na fasihi na fasihi. Uamuzi huo unastahili kufundishwa kwa kila mkutubi wa Kiafrika, maana upungufu wa aina hiyo haujaisha: fasihi ya Kiingereza ina kundi zima la 820, ilhali diwani za Shaaban Robert hubanwa katika 896.392, Ukristo umepewa namba kutoka 220 hadi 280, na Uislamu, dini iliyozaa karne nyingi za maandishi katika Pwani ya Afrika Mashariki, umeachiwa 297.

Mwaka 2019 Chama cha Maktaba cha Marekani kiliondoa jina la Dewey katika nishani yake kwa sababu ya ubaguzi wake wa rangi na unyanyasaji wake wa wanawake, ingawa namba zake zilibaki. Wala tatizo haliko katika namba pekee: siku hizi maktaba nyingi hunakili maelezo ya vitabu yaliyokwisha kutayarishwa ng'ambo, yakiwa na vichwa vya mada, yaani maneno yanayotaja kitabu kinahusu nini, vya Kiingereza, hivyo msomaji anayeandika neno «ndoa» katika katalogi ya namna hiyo huletewa tu vitabu vyenye neno hilo katika majina yake, na vingine vyote kuhusu ndoa, hata vya Kiswahili, hubaki rafuni bila kuonekana.