Jiwe Lililogoma

Mwaka 1803 matishari yaliyosheheni makaa ya mawe yaliteremka na Mto Lehigh kuelekea Philadelphia. Baadhi yalizama njiani. Mzigo uliofika ulijaribiwa katika tanuri la mtambo wa kusukuma maji ya mji, nao badala ya kuchochea moto ukauzima. Husimuliwa kwamba makaa yaliyobaki yalipondwa yakamwagwa kwenye njia za miguu kama kokoto, angalau watu wapite bila kukanyaga tope.

Ilikuwa anthrasaiti, makaa magumu ya kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania, kwenye mabonde ambako baadaye ilichipuka miji ya Scranton, Hazleton na Pottsville. Aliyekulia kwenye jiko la mkaa anajua taratibu: vijiti, karatasi, kiberiti, kipepeo, na muda si mrefu makaa yanashika. Anthrasaiti haina adabu hiyo. Karibu yote ni kaboni tupu, na gesi zinazodaka moto upesi ni chache mno ndani yake. Haiwaki mpaka ipate joto kali, na joto hilo hailipati mpaka hewa iipenye kutoka chini. Meko za wakati ule zilijengwa kwa ajili ya kuni, gogo likilala sakafuni na hewa ikiingia kwa mbele. Ukiiweka anthrasaiti hapo, inakaa kama jiwe lolote la shambani.

Wahunzi wa Bonde la Wyoming, huko huko Pennsylvania, walikuwa wakiitumia tangu karne ya 18, kwa sababu wao walikuwa na mivukuto. Shida ilikuwa sebuleni. Tarehe 11 Februari 1808, Jesse Fell, hakimu na mwenye nyumba ya wageni mjini Wilkes-Barre, aliyainua makaa juu ya chanja ya chuma ndani ya meko ya kawaida, akayawasha. Inasemekana chanja yake ya kwanza ilikuwa ya miti mibichi, na alipoona moto umeila chanja yenyewe huku makaa yakizidi kuwa mekundu, ndipo akatafuta chuma. Majirani walikuja kushuhudia. Fell aliandika habari ya jaribio lake kwenye ukurasa mtupu wa kitabu alichokuwa nacho nyumbani, na kwa maandishi hayo tarehe imehifadhika. Vitabu vingi vya historia ya makaa huanza na mabwana wa reli na mifereji. Mimi ningeanza na chanja ile, maana bila nafasi ya hewa chini ya jiwe, mabwana wale wasingekuwa na cha kuuza.

Kisa cha pili nakipenda zaidi, ingawa kina harufu ya hadithi iliyonogeshwa. Wakati wa vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, Josiah White na Erskine Hazard walikuwa na kiwanda cha nyaya kando ya Mto Schuylkill. Vibarua wao walihangaika usiku kucha na anthrasaiti, wakichokoa, wakichochea, wakiongeza hiki na kile. Mwisho wakakata tamaa, wakabamiza mlango wa tanuri na kwenda zao. Mmoja alikuwa amesahau koti. Aliporudi kulichukua alikuta mlango umeiva mwekundu na ndani moto unanguruma. Kumbe dawa ilikuwa kuliacha jiwe peke yake, hewa ipite chini bila mkono wa mtu kuingilia. White na Hazard hawakuusahau usiku ule. Walikuja kuanzisha kampuni ya Lehigh Coal and Navigation, na mwaka 1820 wakafikisha Philadelphia tani 365, karibu tani moja kwa kila siku ya mwaka. Miaka minane baadaye mfereji wa Delaware na Hudson ulifungua njia ya kupeleka makaa New York.

Baada ya hapo kazi ikawa ya wafua majiko. Eliphalet Nott, mkuu wa chuo cha Union kule Schenectady, alijipatia hataza kadhaa za majiko ya anthrasaiti. Jordan Mott wa New York akabuni jiko la kuchoma makaa madogo yaliyokuwa yakitupwa. Majiko mazuri kabisa ya karne ya 19 yalikuwa na kasha la juu lililoshusha makaa lenyewe kadiri ya chini yalivyoungua, na vidirisha vya ulanga, madini ya aina ile ile iliyochimbwa Uluguru, ili mtu akiwa kitini aone wekundu ndani. Kisha moto ukahamia chini kabisa. Tanuri kubwa likakaa ghorofa ya chini ya ardhi, mabomba manene ya bati yakapanda kutoka kichwani mwake kila upande, na watu wakaliita pweza.

Kumtunza pweza huyu kulikuwa na elimu yake. Asubuhi unatikisa chanja, majivu yadondoke, ila ukome unapoona wekundu chini, la sivyo umeumwaga moto wenyewe. Unaongeza makaa upande mmoja na kuacha upande wa pili ukiwaka wazi, ili gesi inayotoka kwenye makaa mapya ishike, na vimwali vya buluu vicheze juu. Huchokoi kutoka juu. Usiku unajaza, unapunguza hewa, moto unalala bila kufa. Majivu yalichekechwa ili kuokoa vipande ambavyo havijaungua, kazi ambayo mara nyingi iliwaangukia akina mama na watoto. Aliyekosea kufunga kilango cha moshi hakupata onyo la pua, kwani hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni haina harufu. Ni hewa hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, Limuru au Njombe, miezi ya baridi.

Makaa yaliuzwa kwa ukubwa, na majina yalitoka jikoni: yai, njegere, mchele. Nyuma ya majina hayo matamu walikaa watoto. Katika majengo ya kupasulia makaa, wavulana waliinamia mifereji iliyoporomosha makaa, wakichambua mawe kwa mikono mitupu, vumbi likiwafunika. Mpigapicha Lewis Hine aliwapiga picha mjini Pittston mwezi Januari 1911, na ukiziangalia unaona nyuso za wazee katika miili ya watoto.

Tarehe 12 Mei 1902 wachimbaji wapatao 147,000 waligoma chini ya kiongozi wao John Mitchell. Nilisema jiwe ligumu lilikuwa limegoma kuwaka. Sasa waliolichimba waligoma kulitoa, na hapo ndipo mijini watu walipogundua kwamba joto la nyumba zao limo mikononi mwa watu wasiowajua. Bei New York ilipanda kutoka kama dola 5 kwa tani hadi 20 na zaidi. George Baer, mkuu wa reli ya Reading, aliandika kwamba maslahi ya mfanyakazi yatalindwa na Wakristo ambao Mungu amewakabidhi mali ya nchi. Barua hiyo ilichapishwa, ikamletea aibu isiyokwisha. Oktoba 3 Rais Theodore Roosevelt aliwakutanisha wakubwa wa reli na migodi na Mitchell, yeye mwenyewe akiwa katika kiti cha magurudumu kwa jeraha la mguu. Mgomo ulikwisha Oktoba 23, kabla baridi haijakaza. Baadaye tume ya usuluhishi iliwaongezea wachimbaji asilimia 10 ya ujira.

Uzalishaji ulifikia kilele mwaka 1917, karibu tani milioni 100. Mgomo mrefu wa 1925 hadi 1926 uliwasukuma wateja wengi kwenye mafuta, na aliyeonja jiko lisilo na majivu hakurudi. Sensa ya 1940 ilikuta zaidi ya nusu ya nyumba za Marekani zikipata joto kwa makaa ya mawe ya aina zote. Ile ya 1970 ilikuta chini ya asilimia 3. Januari 22, 1959, Mto Susquehanna ulitoboa paa la mgodi karibu na Pittston na kumiminika ndani. Watu 12 hawakuonekana tena, na uchimbaji wa chini kwa chini katika Bonde la Wyoming ukaishia karibu hapo.

Hata hivyo katika miji ile midogo bado zipo nyumba zenye kasha la makaa. Huagizwa yale ya saizi ya mchele, humiminwa kwenye jiko linalojilisha kwa mota ndogo ya umeme, na mwenye nyumba hubakiwa na ndoo ya majivu ya kumwaga. Asubuhi ya barafu huitoa nje, akayatawanya majivu juu ya njia ya kuingilia, watu wapite bila kuteleza.