Rangi haitoshi: historia ya mikrobe tunayogombania kila siku kwenye labo

Bandugu wa promosheni, kila mwaka bastajeri wanatuuliza swali moja: koloni ikiwa ya njano, si njo aureus basi? Swali hilo liko na miaka zaidi ya 140.

Mwaka 1880 Alexander Ogston, mpasuaji wa Scotland, alieleza vijidudu alivyoviona ndani ya usaha, vimeshikamana kama kishada cha zabibu. Mwaka 1882 akavipa jina staphylococcus. Halafu mwaka 1884 Rosenbach, Mjerumani, akavigawa kwa rangi: vya dhahabu aureus, vyeupe albus. Ilikuwa kazi nzuri, lakini rangi inadanganya. Aureus zingine zinatoka nyeupe kabisa. Tena mwaka 2015 wataalamu walitenga rasmi argenteus, ambayo haina ile rangi ya dhahabu, na pamoja nayo schweitzeri, iliyoonekana kwa tumbili wa Gabon na kupewa jina la Albert Schweitzer, ule munganga wa Lambaréné.

Kilichookoa labo ndogo kama zetu ni plasma. Mwaka 1903 Loeb alionyesha kwamba aureus inagandisha plasma, na mpaka leo tube ya koagulazi njo hakimu wetu. Inataka plasma ya sungura, digrii 37, unasoma kwa saa 4, halafu unaiacha mpaka saa 24. Ukiruka ile ya saa 4, mikrobe inaweza kuyeyusha bonge lake yenyewe na wewe utaandika "negatifu" bila wasiwasi.

Sasa weka hayo Goma. Tuko mita karibu 1,500 juu, usiku ni baridi, na umeme ukikatika etuvu inapoa. Sungura haiko, kwa hiyo mtu anachukua plasma ya binadamu kwenye benki ya damu, nayo inaweza kuwa na antikopo zinazoharibu jibu. Mimi nasema: ukiitumia, pima kwanza na aureus unayoijua na epidermidis unayoijua, siku ile ile.

Kuna ingine ya hatari, lugdunensis, iliyoelezwa mwaka 1988 kwa jina la kale la Lyon. Kwenye lame mara nyingi inashikamana kama aureus, kwenye tube inakataa. Ukiiita "ya ngozi tu" unaitupa, na yenyewe inakula valvu za moyo. Lyon hiyo hiyo njo kwao familia ya Mérieux, ambayo jina lake liko kwenye labo ya INRB hapa Goma.

Mtoto mwenye homa, chupa moja tu ya damu, stafilokoki imeota. Ukiandika aureus kumbe ni ya ngozi, atapewa dawa kali bure na familia italipa. Ukiandika ya ngozi kumbe ni aureus, munganga ataacha dawa. Na yeye hakuona tube, anasoma tu karatasi yako.

Wale bako Bukavu na Butembo, mnapata plasma ya sungura wapi?