Bakuli Ukutani: Habari za Sini katika Miji ya Waswahili

Kunduchi, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, pana magofu ya msikiti wa kale, na kando yake pana makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyokandikwa chokaa, mengi yao ya karne ya 18, ambayo baadhi yameinuliwa nguzo zinazopita kimo cha mtu. Na katika nguzo hizo, na katika kuta za makaburi yenyewe, mtazamaji huona vishimo vya mviringo vilivyopangwa kwa utaratibu, laini ndani, dhahiri kwamba kitu kilibonyezwa hapo chokaa ilipokuwa ingali mbichi. Humo ndimo zilimokuwa bakuli na sahani za sini, ambazo wafinyanzi wa Uchina walizitengeneza kwa ajili ya kulia chakula, zikavuka bahari, zikaingia katika mikono ya mwashi wa pwani, naye akazitia mahali ambapo hapana mtu atakayekula tena ndani yake.

Ada hiyo haikuwa ya Kunduchi peke yake. Tangu visiwa vya Lamu hadi Kilwa, kwa muda usiopungua miaka 400, waungwana wa miji ya mawe walikitoa chombo cha sini katika kazi yake ya asili wakakipa makao mengine, msikitini, makaburini, katika kuta za majumba, hata chini ya birika la maji. Na maoni yangu ni kwamba katika kufanya hivyo hawakuwa wakiuonyesha utajiri tu, kama walivyodhani wengi wa wageni walioandika habari za pwani, bali walikuwa wakiweka ushahidi wa kudumu kwamba mji huu hupokea wageni, na kwamba mwenye nyumba hii, au aliyelala katika kaburi hili, alikuwa mtu wa kulisha watu.

Vyombo vya kwanza kufika kwetu havikuwa vile vyeupe vyenye nakshi za buluu ambavyo siku hizi hudhaniwa kuwa ndiyo sini yenyewe. Katika karne ya 9, wakati wa makhalifa wa Bani Abbas, bandari za Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu katika kisiwa cha Unguja, zilikuwa zikipokea vyombo vya Ghuba ya Uajemi pamoja na vichache vya Uchina. Wafinyanzi wa Basra walikuwa wameviona vyombo vyeupe vya Kichina wakavitamani, na kwa kuwa nchi yao haikuwa na udongo mweupe wa namna ile, waliufunika udongo wao kwa utando wa kioo uliotiwa bati, ukawa mweupe kwa nje, kisha wakauchora kwa rangi ya buluu. Katika mwaka 1998 wapiga mbizi wa Indonesia, karibu na kisiwa cha Belitung, walikuta chini ya bahari chombo kilichozama katika karne hiyohiyo ya 9, nacho kimesheheni makumi ya maelfu ya bakuli za Changsha, Uchina, zimepangwa ndani ya mitungi mikubwa ili zisivunjike, na moja katika bakuli hizo ina tarehe ya Kichina inayolingana na mwaka 826. Vigae vya namna hiyo ya Changsha vimepatikana pia katika udongo wa pwani yetu, na hivyo twajua kwamba bakuli za namna ile ile, pengine za siku za mafundi wale wale, zilifika pwani yetu salama.

Baadaye zikaja sini za kijani ziitwazo seladoni, zilizotoka hasa katika matanuri ya Longquan, jimbo la Zhejiang, ambazo ukijani wake ni kazi ya chembe za chuma zilizomo katika utando wa kioo, pindi tanuri inapochomwa kwa moto ulionyimwa hewa. Watu wa nchi za Kiislamu walizipenda mno, na ilikuwapo imani katika nchi hizo kwamba sini ya kijani ikitiwa chakula chenye sumu itapasuka au itabadilika rangi, kwa hiyo iliwafaa wafalme, ambao daima huogopa wapishi wao. Kisha zikafuata zile nyeupe zenye buluu za Jingdezhen, jimbo la Jiangxi, ambazo zilistawi tangu karne ya 14. Na hapa pana jambo la kustaajabisha, kwani madini ya kobalti yaliyotoa buluu ile nzuri yalipelekwa Uchina kutoka Uajemi, yakachorwa juu ya udongo wa Kichina, na bakuli hizo zikarudi magharibi kuuzwa katika nchi zilikotoka rangi zake.

Watu wengi, wakisikia habari za Zheng He, amiri wa merikebu za wafalme wa Ming wa Uchina, ambazo zilifika Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, na habari za twiga aliyepelekwa kutoka Malindi hadi kwa mfalme wa Uchina katika mwaka 1415, hudhani kwamba merikebu hizo ndizo zilizotuletea sini. Sivyo. Sini ilikuwa imekwisha kaa pwani miaka 500 na zaidi kabla ya Zheng He kuzaliwa, na waliokuwa wakiileta ni manahodha wa Siraf na Hormuz, wa Aden na Gujarat, waliotweka tanga katika majira ya kaskazi wakashuka kusini na bidhaa zao, wakangoja hata upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, wakarudi na pembe za ndovu, boriti za mikoko, ambari, magamba ya kasa, na dhahabu ya Sofala iliyopitia Kilwa.

Na Kilwa ndiko sini ilikopata heshima kuu. Alipofika msafiri Ibn Battuta katika mwaka 1331, sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa. Naye ndiye anayenasibishwa na jumba kubwa la Husuni Kubwa, lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, ambamo Neville Chittick, alipolichimbua katika karne ya 20, alikuta chupa ya sini ya rangi nyeupe iliyoingia ubuluu, kazi ya wakati wa wafalme wa Yuan. Katika Msikiti Mdogo wa Kuba ulioko mjini Kilwa Kisiwani, uliojengwa katika karne ya 15, mafundi walitia bakuli za kung'aa katika dari za kuba, na katika kisiwa cha Songo Mnara vilevile zilitiwa katika dari iliyopinda. Mtu aingiapo humo leo mchana huona vishimo na vipande. Lakini aliyeingia zama zile kwa swala ya isha, taa za mafuta zikiwaka, aliinua macho akaona kila bakuli imeshika nuru yake. Mimi sioni kuwa fundi aliyezipachika alikuwa na haja ya sababu nyingine.

Wala Waswahili hawakuwa peke yao katika ustadi huo. Huko Manah, katika Oman, mihirabu ya chokaa iliyochongwa kwa ufundi wa ajabu katika karne ya 16 ilitiwa bakuli za Kichina katikati ya nakshi. Na katika mji wa Pisa, Italia, Wakristo wa karne ya 11 walipachika katika kuta za nje za makanisa yao bakuli zilizofinyangwa na Waislamu wa Afrika ya Kaskazini na Andalusi. Lakini kulikuwa na tofauti, kwani watu wa Pisa hawakuzipeleka makaburini.

Makaburi yenye nguzo yamo katika miji mingi ya mwambao. Yapo Malindi na Mambrui, yapo Kaole karibu na Bagamoyo, yapo Takwa katika kisiwa cha Manda, na Tongoni karibu na Tanga yamekusanyika makaburi mengi mno. Gedi pana kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na tarehe kama hiyo ni neema kubwa kwa mtafiti, maana makaburi mengi hayakuandikwa kitu, na asiyeandikwa jina aliachiwa bakuli zimtambulishe. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gedi katika mwaka 1948, alitumia sana sini katika kupima umri wa majumba, na baadhi ya nyumba za hapo zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, mojawapo ikiwa ni Nyumba ya Bakuli la Sini. Mortimer Wheeler, mwanazuoni wa Kiingereza wa mambo ya kale, alipopita kati ya Dar es Salaam na Kilwa katika mwaka 1955, alistaajabu kwa wingi wa vigae alivyoviona hata akasema kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa tangu karne ya 10 imeandikwa kwa sini ya Kichina. Neno lake ni la kweli kwa kadiri yake, ila ushahidi wa bakuli wataka uangalifu, kwa sababu bakuli hutuambia kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko bakuli hiyo, lakini haituambii ilirithiwa mara ngapi kabla ya kupachikwa, na katika nyumba za kiungwana kitu kizuri kilikaa vizazi kwa vizazi.

Ndiyo sababu naona uchungu kwa yale yaliyofanyika katika makaburi hayo. Bakuli zilizobanduliwa na wezi, au na wageni waliotaka kumbukumbu ya safari, zimekuwa bakuli tu, kama nyingine zozote za madukani, na hapana awezaye kusema zilimheshimu nani. Ilhali zingebaki katika chokaa yake, hata zikiwa zimepasuka, zingetueleza ukoo, mwelekeo wa tijara, na karne. Hata zile zilizoondolewa kwa nia njema ili zihifadhiwe, zastahili kuandikwa kwa kila moja kaburi lake na mahali pake katika nguzo.

Sasa na tuingie nyumbani. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Pate ya karne ya 18, mtu aliyepita daka, yaani ukumbi wa mlangoni, akavuka kiwanda, yaani ua, akaingia misana, yaani kumbi ndefu, alikuwa akiiendea ndani, chumba cha faragha kuliko vyote, na ukuta wake ulikuwa umejaa zidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu, zimezungushiwa nakshi za chokaa. Na humo ziliwekwa sini, vitabu, na vitu vya thamani. Huko ndiko alikotolewa bibi arusi kutazamwa, na katika pande hizo za ndani kabisa ndiko walikozaliwa watoto na kuoshwa maiti. Linda Donley-Reid, aliyeishi na kuchunguza Lamu, ameeleza kwamba wenyeji waliziona sahani hizo kuwa kinga pia, kwamba jicho la hasidi, likiingia chumbani, huangukia kwanza kitu kinachong'aa, nacho kikapasuka badala ya mtu kudhurika. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, alipotaka kueleza jinsi Pate ilivyoanguka, alizitaja zidaka za sini ambamo sasa hulala makinda ya ndege. Na msomaji aliyeijua nyumba ya namna ile hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Katika birika nako, la nyumbani na la msikitini, sahani ilijengewa sakafuni, chini ya maji, na samaki wadogo wakatiwa ili wale viluwiluwi vya mbu.

Karne ya 19 ilileta vyombo vipya. Kiwanda cha Petrus Regout, huko Maastricht katika Uholanzi, na viwanda vya Uingereza na Ufaransa, vilianza kupeleka Unguja bakuli za udongo zenye maua ya rangi kali, mengi yakipigwa kwa sponji, kwa bei ambayo hata mtu wa shamba aliweza kuimudu. Na vigae vyake vimeokotwa katika mashamba ya karafuu, mahali walipoishi watumwa na mabwana zao. Wapenda sini huvidharau vyombo hivi. Mimi nadhani vinastahili makabati ya makumbusho sawa na seladoni, kwa kuwa kwa mara ya kwanza chombo chenye nakshi kutoka ng'ambo kiliingia nyumba ya mnyonge. Sahani nyeupe za namna hiyo ndizo pia walimu walizozitumia kuandikia kombe, wakichora aya kwa zafarani iliyoyeyushwa katika marashi, kisha maandishi yakaoshwa na mgonjwa akapewa maji yake kunywa.

Limebaki jambo ambalo mashabiki wa sini aghalabu hulipita. Katika kila mji uliochimbuliwa, vyombo vya kigeni ni sehemu ndogo mno ya vigae vyote, mara nyingi havifiki 5 katika kila 100, na vilivyobaki ni kazi ya wafinyanzi wa hapa, wengi wao wanawake, waliofinyanga bila gurudumu na kuchoma bila tanuri. Tangu karne ya 7 walivichora vyungu vyao chale za pembetatu shingoni, na chale hizo hupatikana mwambao wote na hata bara. Ilipofika karne ya 14 na ya 15, walikuwa wakifanya bakuli pana kwa wingi zaidi, nyingine zimesuguliwa na kupakwa rangi nyekundu hata zikang'aa. Na watafiti kama Jeffrey Fleisher wameona katika bakuli hizo dalili ya karamu kubwa, ambazo kwazo wakubwa wa miji walijenga heshima yao. Basi wali na mchuzi uliomfanya marehemu aitwe karimu ulipakuliwa, kwa sehemu kubwa, katika udongo wa mwanamke wa mtaa wake, hali sini ikitazama kutoka kidakani. Na katika makabati ya makumbusho yetu hesabu imegeuzwa, sini imejaa mbele ya kioo na vyungu vimefungwa katika magunia ghalani.