Mionzi ya Uluguru Kabla ya Minara

Lawama kwamba minara ya simu ndiyo iliyoleta mionzi Morogoro inasahau historia ya milima yenyewe. Mionzi imo ndani ya Uluguru tangu miamba yake ilipoundwa, na wanasayansi waliitambua mapema. Mwaka 1906, enzi za Wajerumani, mkemia Willy Marckwald alichunguza madini yaliyotoka Lukwengule, huko huko Uluguru, kwenye miamba yenye ulanga. Yalikuwa mawe meusi mazito ya urani, yamefunikwa gamba la njano. Gamba lile halikuwa limewahi kuelezwa na mtu, naye akaliita rutherfordine, kwa heshima ya Ernest Rutherford, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amebuni jina la mionzi ya gama. Baadaye kidogo Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima madini ya risasi yaliyotolewa katika urani ya Morogoro, wakakuta uzito wa atomi zake ni kama 206.05, ilhali risasi ya kawaida ni 207.2. Tofauti hiyo ndogo ilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa kwamba urani hugeuka risasi polepole, ikitoa mionzi njia nzima. Mwaka 1914 Rutherford na mwenzake Andrade wakaonyesha kuwa gama ni ya ukoo mmoja na mwanga na eksirei.

Mawimbi ya redio na ya simu nayo ni ya ukoo huo, na hapo ndipo hofu hupata mlango. Lakini ukoo mmoja si nguvu moja. Gama na eksirei zinaweza kung'oa elektroni katika atomi na kuharibu chembe za uhai. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo, athari yake iliyothibitishwa ni kupasha joto. Atakayepinga atakumbusha kwamba mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ni kweli, na utafiti hauna budi kuendelea. Ila kundi hilo linaeleza udhaifu wa ushahidi uliopo, halipimi ukubwa wa hatari.

Wala tusijifariji kwamba cha asili hakidhuru. Vumbi na gesi ya mwamba wenye urani humwumiza mchimbaji hata kama hakuna mtambo karibu. Sheria ya nchi ya kinga dhidi ya mionzi ilipitishwa mwaka 1983, miaka 77 baada ya jiwe la Lukwengule kupewa jina Ulaya.

Kwa mkazi wa leo, penye hoja nzito ni hospitali. Kwa wastani wa dunia, mtu hupata milisiveti 2.4 za mionzi kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Eksirei ya kifua huongeza takriban 0.1 au pungufu. Picha ya CT ya kifua huweza kufika 7. Dozi hiyo mara nyingi inastahili, kwa kuwa huokoa maisha. Hata hivyo mhudumu wa chumba cha eksirei huvaa beji inayopima mionzi anayopata, na mgonjwa anayerudishwa kupigwa picha tena kwa sababu ya kwanza imepotea hana beji.